Saa Saba na Nusu

Jumapili ya mwisho ya Machi, Newport,
kazi ya mishahara haikuamka.
Nikafungua kumbukumbu za seva: hakuna kosa,
hakuna wekundu wowote.
Saa sita na dakika hamsini na tisa,
kisha saa nane kamili.
Katikati, hata nukta.

Nikakagua ruhusa. Nikakagua diski.
Nikampigia Gethin, akapiga miayo kwanza:
"Leo saa zimesogezwa mbele, wewe."

Kumbe saa saba na nusu ya usiku,
niliyoipanga mwenyewe Novemba, kifua mbele,
haikuchelewa. Haikuzaliwa.
Nchi nzima iliiruka kama dimbwi.

Seva haina lawama.
Ukiiambia ingoje saa fulani, itangoja;
saa isipofika, haiulizi jirani.
Lakini mimi,
ninayesoma moja na kutamka saba
miaka kumi na minne bila kujikwaa?

Ukumbini mashine ya kusugua sakafu inanguruma:
Mwanasiti, zamu ya usiku,
mstari wa mia mbili na sita katika faili.
Nikaianzisha kazi kwa mkono,
nikaitazama ikishuka. Mia mbili na nne. Na tano.
Ukapita.

Ratiba nikaihamishia saa tisa na robo,
saa isiyochezewa na mtu.
Nikabandika karatasi ya njano kwenye skrini:
*Oktoba saa saba itakuja mara mbili.
Tusije tukawalipa watu mara mbili.*

Jumatatu nilikuta mwandiko wa Gethin chini yake:
*Kwa nini tusiwalipe?*