Hapa Watu Sita

Bwana Lindroos, uliyeichora mashua hii
kabla sijazaliwa, ukaikunja ndani ya karatasi tisa,
nakuandikia kutoka bandani.
Februari. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Gundi imegoma kama punda
na kalamu nimeitia kwapani ipate joto.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani
niliitazama misonobari ikiingia mlango wa kaskazini
na kutokea mlango wa kusini ikiwa karatasi,
nyeupe, bubu, imeviringwa.
Walipoizima mashine ya tatu
wakatugawia keki na saa za ukutani.
Sasa nairudisha safari kinyumenyume:
karatasi inaingia,
msonobari unatoka.
Sirkka ananiletea soksi kavu, ananiangalia nimeinamia mistari yako,
anasema, "Umeshapata bosi mwingine."

Mataruma niliyapika saunani,
kila moja dakika arobaini.
Ubao ukitoka na mvuke una nusu dakika ya utiifu;
baada ya hapo unakumbuka kwamba ulikuwa mti.
Nilikimbia nao uani, miguu mitupu kwenye theluji,
nikaukumbatia kwenye kiunzi kama mwizi aliyekamatwa,
jiriwa ya kwanza, ya pili, ya tatu,
nikangoja upoe ndipo nami nipumue.

Nikuungamie jambo.
Taruma la nne limekosa kipimo kwa milimita sita.
Niliiona saba yako, nikasoma moja.
Nililijua kosa usiku ule ule, nikalala nalo.
Asubuhi nikachomeka kipande, nikapiga randa, nikapaka,
haonekani kitu.
Lakini nikienda tezi, nikienda omo,
marejeo yangu ni pale pale ngamani,
kidole juu ya milimita sita.

Kisha karatasi ya sita. Pembeni, mwandiko wa penseli:
*Pindua chombo. Hapa watu sita.*

Miezi minane sikumwomba mtu hata kushika ncha ya kamba.
Nikafunga kapi darini, nikaleta jeki ya gari,
usiku tatu nilitafuta njia ya kuwakwepa watu sita.
Usiku wa tatu ubao ulilia.
Si mlio mkubwa. Nikashusha kila kitu,
nikakaa juu ya ndoo.

Tangu kiwanda kifungwe nimekuwa mtu wa kuvuka barabara
nikiona uso ninaoujua.
Nikaanza na Sirkka, huyo mmoja.
Mapacha wa Ahvo, wanaokula kuliko wanavyobeba.
Kyllikki wa maktaba, aliyeuliza avae viatu gani.
Veijo wa jirani, ambaye hatujasemeshana
tangu ile theluji yake iliyoangukia lango langu.
Na wa sita, kwa kukosa mwingine, Unto:
msimamizi, mwenye sahihi chini ya barua yangu ya kuachishwa.

Mimi nilikuwa wa kuhesabu.
Moja, mbili,
na tukaigeuza kama ageuzwavyo mgonjwa,
taratibu, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake,
hadi mkuku ukakaa chini
na tumbo, ambalo sikuwahi kuliona lote,
likafunguka kwenye mwanga wa taa.
Hakuna aliyesema. Kisha Unto:
"Mashine ya tatu ilikuwa nzito zaidi."
Kyllikki akacheka mpaka akashika mlango.

Tulikunywa kahawa tumeketi ndani yake, saba, magoti kwa magoti,
mikate ya iliki ikizunguka katika sufuria ya gundi
(niliiosha).
Mkono wa Veijo ulikuwa ukitembea juu ya mbao,
wenyewe tu, kama mkono wa fundi ufanyavyo.
Ukafika taruma la nne. Ukasimama.
Akanitazama.
Akaomba sukari.

Bwana Lindroos, nimeupima mzigo:
kilo mia na themanini.
Nimepiga hesabu mara mbili. Watu wanne wangetosha.

Usinijibu. Ziwa ni barafu hadi Mei,
karatasi ya saba inataka msasa,
na Veijo anagonga mlango, amekuja na randa yake.