Orodha ya Jumamosi

Mama yenu yuko zamu Amana mpaka saa mbili usiku,
nami nimeachiwa nyinyi wawili, kikapu,
na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu:
gesi. Luku. Viatu vya Tunu kwa fundi.
Nyanya, vitunguu, dagaa (wa Kigoma, usidanganywe).
Kumnyoa Lwitiko.
Na chini kabisa, kwa kalamu ya rangi ya chungwa,
kitu cha duara chenye miguu miwili,
ambacho si mwandiko wa mama yenu.

Saa tatu tu, Tabata imeshachemka kama sufuria ya maharage.
Mtungi uko begani.
Lwitiko kang'ang'ania kidole changu kimoja, kile kidogo,
kana kwamba ndicho usukani.
Tunu anapita juu ya ukingo wa mtaro akihesabu hatua,
"Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na ngapi, baba?"
Kumi na ngapi.
Sijui, mwanangu. Teremka hapo.

Kwa kinyozi kuna foleni, na kuna mpira kwenye runinga.
Mtoto anayeogopa mashine hashikwi kwa nguvu, anabembelezwa:
nikabembeleza kwa juisi ya ukwaju,
nikabembeleza kwa ahadi ya bembea,
mwishowe nikapanda kitini mwenyewe, nikampakata,
tukanyolewa wote.
Tukatoka kama mayai mawili ya trei moja,
Tunu akacheka hadi kwikwi ikamshika,
kwikwi hiyo ikatusindikiza mpaka kwa fundi viatu,
ambaye alisema, "Kesho."
Kesho ya fundi sote twaijua.

Sokoni nikaitoa karatasi, nikamwonyesha muuza nyanya lile duara.
Akalitazama, akaligeuza.
"Hilo papai, kaka. Na papai ninazo."
Nikanunua papai.
Kumbe huko nyuma Lwitiko kaficha nyanya moja mfukoni
ili isipate baridi, alisema,
na ilipopasuka akailia kama mtu aliyefiwa.

Bembea ziko nyuma ya baa, mia tano mtoto, dakika kumi.
Leo zimefungwa kamba. Viti vimevishwa vitambaa vya zambarau,
mama mmoja anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.
Kichenpati.
Hapo mwanangu akaanza kulia kilio cha pikipiki isiyowaka,
kinanguruma, kinazima,
kinanguruma tena, mpaka mlangoni kwetu.

Nimetua mtungi, nimetua kikapu, nimetua mtoto.
Papai nimeliweka mezani kama ushahidi.
Tunu, hiki ulichochora ni nini?

Akanitazama vile mwalimu amtazamavyo wa mwisho darasani.
"Si wewe. Umekaa chini."

Lakini leo nimekaa, nikajitetea, kwa kinyozi.

"Ya kinyozi haihesabiki."

Basi nikakaa. Sakafuni, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha,
saruji ina ubaridi wake ambao nilikuwa nimeusahau.
Mara nikawa daraja. Nikawa duka la unga.
Nikawa mgonjwa, nikachomwa sindano kumi na ngapi
kwa njiti ya kibiriti,
nikaambiwa nisilie, wenzangu hawalii.
Mita ya luku ikaanza kupiga pipi, pipi, pipi.
Nikasema nanunua sasa hivi.
Sikuinuka.

Saa mbili na nusu mlango ukafunguka,
tochi ya simu ikatupitia mmoja mmoja:
vipara viwili, msuko mmoja, maganda ya papai.
"Luku je?"
Nimesahau.
"Dagaa?"
Nikanyamaza, maana hao hata kuwasahau sikukumbuka.

Akasimama hapo na sare yake nyeupe, muda mrefu kidogo.
Kisha akavua viatu vya zamu, kimoja, cha pili,
akajishusha sakafuni polepole, huku akiguna kwa magoti.
Na Tunu, aliyekuwa keshalala, au nusu yake,
akauliza gizani
ile kalamu ya chungwa iko wapi.