Pengo Lisilokatika

Alasiri, Isevya, umeme umerudi,
na Mama Kalunde ananisogezea simu yenye ufa.
"Sh", mwisho wa mstari. Chini yake, peke yake,
"12,000", kama abiria aliyeshushwa
kituo kisicho chake.

Asali ya Sikonge, mzinga wa gome, ndoo ya lita tano.
Mimi nimemtengenezea ukurasa,
yeye kaniletea malalamiko.
"Jina langu lina watu wawili," anasema,
"mimi na marehemu. Mbona Kalunde kalala juu
na Nsimba kalala chini?"

Nimwambieje kwamba kivinjari hakisomi?
Kinapima. Kinajumlisha upana wa herufi,
kinajaza mstari kama kuli wa magunia,
na neno likikosa nafasi kinarudi nyuma
hadi pengo la mwisho, kinakata hapo.
Hakijui bei. Hakijui mjane.

Nilikoza herufi moja ya "safi" kwa wino mzito,
nikadhani nimejenga ukuta.
Wapi! Wino mzito ni kanga tu;
ndani ya kanga neno ni lilelile,
na mshono si mlango.
Lakini kijipicha cha ndoo nilichokipachika kwenye sentensi,
hicho ni behewa zima: mlango mbele, mlango nyuma.
Ndiyo maana nukta iliyokifuata
imedondoka chini
.

Baba alikuwa mfungua mabehewa hapa stesheni.
Treni ya Dar ikiingia usiku alishuka na taa:
haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda.
Alikata penye kiungo, si penginepo.
Ila alitembea na chaki mfukoni, na akiona
mama huku na watoto behewa la pili,
alichora msalaba juu ya kiungo:
hapa, msikate.

Na lugha yetu, jamani! Neno
hatutawacheleweshea
halina pengo hata moja. Linatoboa ukingo wa simu,
linaning'inia nje kama mguu
wa kijana kwenye kitanda cha mtoto.
Kivinjari hakijui silabi zetu, hakithubutu kulipasua.
Kwa hilo nakiheshimu.

Basi nami nikatoa chaki.
Kati ya Sh na 12,000, pengo lisilokatika:
kwa macho ni pengo kama mengine,
kwa kazi ni kiungo.
Ndoo na nukta, kamba moja.
Kalunde na Nsimba, vilevile.

Nikabana kioo, nikakipanua.
Wameshuka pamoja, mke na mume,
na mstari wa juu umebaki na uwazi mkubwa kulia.

"Na hapa patupu?"
Hapo, mama, ndipo mmoja alipomfuata mwenzake.

Akapatazama kitambo.
"Pajaze," akasema. "Bei iandike kwa maneno.
Na iwe elfu kumi na tano."