Hesabu ya Jioni

Saa kumi na mbili kasoro nyampara akaniletea namba:
mia nne na kumi na tatu.
Daftari langu linasema kumi na mbili.

Kupungukiwa nimekuzoea. Aliyepungua ana filimbi yake,
ana mbwa, ana simu ya mkoani.
Aliyezidi hana fomu.

Wakachuchumaa upya, watano watano,
majabali ya kilimani yakitema joto la mchana,
harufu ya dagaa ikipanda toka mwaloni.
Kumi na tatu.

Kumbe Bukindo, yule wa wizi wa nyavu,
niliyemsainia asubuhi, nikampa mkono na nauli.
Meli ya Nansio ilimwacha gatini.
Karudi na kikosi cha kuni, gogo begani,
na pale langoni hakuna aliyekagua
mtu anayeingia kwa hiari.

"Afande, huko nje sijui nalala namba ngapi."

Kanuni naijua: mtu huru halazwi seli.
Nikamtoa. Nikampa benchi ya walinzi,
maharage, blanketi lenye muhuri wetu.
Nikaandika kumi na mbili, nikasaini.

Alfajiri benchi tupu.
Blanketi limekunjwa mara nne, pembe kwa pembe,
kama tunavyowafundisha.