Simu ya Baba

Saa mbili usiku, Nkuhungu. Umeme upo, leo.
Nimefunga dirisha kwa sababu ya vumbi,
nimemwomba jirani apunguze redio,
nimesema "Hamjambo" kwa vijumba thelathini na nane
vyeusi kama madirisha ya shule wakati wa likizo.

Anaitika Sechelela wa Mpwapwa, huyu huitika daima.
Anaitika Mughwai; nyuma yake mbuzi naye anaitika,
darasa zima linacheka bila sauti,
yaani linanitumia vichwa vya njano vinavyotoka machozi.

Kisha anaingia yeye.
Hana jina. Kijumba chake kimeandikwa SIMU YA BABA.

MWALIMU UNAKIMBIZWA NA NANI
Naendelea. Debiti kushoto, krediti kulia.
HATA REDIO MBOVU HUPUMZIKA
Vichwa vya njano kumi na tisa. Navihesabu,
ndiyo kazi yangu, kuhesabu.
WENYE SURA NDIO WANAULIZWA SISI WENGINE MAGUNIA

Chuoni, kwenye madawati,
ningejua la kufanya. Ningetembea polepole,
chaki mkononi, somo likiendelea,
mpaka nisimame ubavuni mwake
bila kumtazama.
Kivuli cha mwalimu kina kazi ambayo mdomo hauiwezi.

Hapa sina miguu. Nina kitufe.
Kimeandikwa Ondoa,
chekundu, kidogo kuliko ukucha,
na kidole changu kimeshafika.

Sikubonyeza. Si kwa wema, msinisifu.
Bando lilikata.

Niliporudi, dakika nne tu,
Sechelela alikuwa amemwamuru atoke,
Mughwai amemuuliza Sechelela cheo kakipata lini,
na mtu asiyejulikana ametuma picha ya punda.
Nikaandika: "Semeni kama watu watakaokutana kesho sokoni.
Ukurasa wa arobaini."
Kisha nikapita mlango wa uani,
pasipo washangiliaji, nikambishia yeye peke yake:
"Wewe wa Simu ya Baba. La redio limeniuma.
La magunia sijalielewa.
Jina lako nani?"

Kimya.
Alhamisi aliingia, hakuandika.
Ijumaa saa nane usiku simu ikatetemeka mezani:

MIMI NDAHANI. NIKO KIBAIGWA NALINDA MAHINDI YA WATU.
HERUFI KUBWA SI HASIRA, KITUFE KILIKWAMA
SIMU ILIPOANGUKIA MIZANI.
LA REDIO LILIKUWA HASIRA.
SAA MBILI MALORI YANAPAKIA NASIKIA NUSU.
NIMEULIZA MARA TATU MIZANIA INASAWAZISHWAJE
HUKUSOMA.

Nikarudi nyuma katika maandishi,
wiki juu ya wiki, kidole kikipandisha.
Kweli. Tarehe sita, kumi na tatu, ishirini,
katikati ya "tupo" na "naam" na "mwalimu sauti inakatika",
herufi kubwa, swali la haki kabisa,
nami nimelipita
kama unavyompita mlevi njiani, macho mbele.

Nilikaa kidogo gizani.
Jirani alikuwa amezima redio yake zamani.

Jumatatu nikaanza na jina:
"Ndahani, swali lako la tarehe sita."
Nikafundisha kwa magunia.
Yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyokopeshwa kwa mdomo,
na yale yaliyoliwa na panya.
Huyo panya tumwandike wapi?

Kukawa kimya, kile kizuri,
cha watu wanaofikiri huku wakitafuna kalamu.
Kwa mbali nikasikia lori likirudi nyuma, mtu akipiga mluzi:
alikuwa amefungua sauti yake, kwa mara ya kwanza,
akaifunga haraka kama mlango wa choo usio na komeo.
Kisha akaandika:

KWENYE HASARA.
LAKINI MWALIMU BADO UNAKWENDA MBIO

Vichwa vya njano vikamiminika.
Sikuvihesabu.
Nikanywa maji, nikapunguza mwendo.