Jogoo wa Mnada

Daftari la mweka hazina lina twiga kwenye jalada
na doa la chai ukurasa wa kwanza,
pale nilipoandika kwa wino mwekundu:
Bafu. Choo. Bomba. Taa mbili, zikipatikana.

Ahadi zimejaa kuliko fedha.
Mzee Nanyaro, saruji mifuko kumi: ahadi.
Duka la vipuri Ngarenaro, bati ishirini: ahadi.
Mheshimiwa diwani, "nitawaona";
sikujua niiweke safu ipi.

Harusi watu wanaielewa.
Wapelekee kadi yenye maua na utepe wa dhahabu,
hakuna atakayeuliza bwana harusi anakimbia kasi gani.
Lakini raga?
"Ule mchezo wa kugombania yai?"
aliniuliza mama wa genge, huku akimenya njegere.
Kisha akafungua fundo la khanga,
akanipa elfu mbili zinazonuka kitunguu.
"Ni kwa ajili ya mtoto wa Kaanaeli.
Tangu aanze kucheza
harushi tena mawe kwenye bati langu."

Nikaandika: Mama Njegere, 2,000. Taslimu.

Uwanja wetu wa Moshono umeinamia mtoni;
anayeshambulia kwenda chini anasaidiwa na Mungu.
Milingoti ni mabomba yaliyostaafu kazi ya maji.
Wasichana hubadilishia nguo kwenye mahindi ya Ndewario,
na mahindi yakishavunwa
wawili hushika khanga, mmoja anavaa jezi,
halafu zamu, halafu zamu,
na wapita njia wana shingo ndefu.
Kikaoni Naishiye alisimama, goti lina bandeji:
"Mimi kombe silitaki.
Nataka mlango wenye komeo."
Akakaa. Ajenda nyingine zote zikakosa msemaji.

Jumapili, baada ya ibada, tukapiga mnada.
Mkungu wa ndizi, maparachichi, lita tano za asali,
na jogoo mwekundu wa bibi yake Elirehema,
kafungwa miguu kwa kamba ya kiatu cha raga.
Fundi Boay akamnunua, elfu thelathini.
Akampima kwa mkono, akamwinua juu:
"Namrudisha! Auzwe tena!"
Mwalimu Akyoo, arobaini. Akamrudisha.
Dereva wa lori la mchanga akataja ishirini,
akazomewa,
akataja hamsini, akamrudisha huku akicheka.
Mara ya tano jogoo alikuwa amechoka kupanda bei,
akafumba macho.

Mama Njegere alikuja "kuangalia tu".
Alisimama nyuma, kikapu kichwani, akasema kwa sauti:
"Kumbe ndivyo mnavyocheza!
Mnarudisha nyuma ili kitu kiende mbele."

Kocha Lomnyaki, miaka mitatu
anaifundisha kanuni hiyo kwa chaki na mishale,
alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu.

Jumla: 946,500.
Saruji ilifika mifuko sita.
Bati bado ziko Ngarenaro.
Diwani angali anatuona.

Hata hivyo kuta zipo, za tofali za kuchoma,
na bomba linatoa maji ya Meru
yanayouma hadi kwenye fizi.
Mlango upo. Wa chuma, wa bluu, wa mtumba,
mwenye wake wa zamani aliuandika MBWA MKALI,
na wasichana wamekataa katakata ufutwe.
Komeo ni jipya. Nililinunua mimi,
kwenye daftari halimo.

Jana mvua iliwakuta ndani, wanaoga,
maji ya bomba kiunoni, maji ya mbingu kichwani.
Nilikuwa nje na mwavuli, nasubiri funguo.
Nikasikia komeo likifungwa: ka!
Kisha likafunguliwa. Kisha likafungwa tena.
Mtu alikuwa analijaribu tu,
hakuwa na haja nyingine.

Na jogoo? Hakuna aliyemchukua.
Anatembea mstari wa kati, miguu haina kamba,
kila filimbi ikilia naye anawika.
Nimemwandika safu ya mali za klabu,
chini ya mipira minne,
mmoja una pancha.