Safu ya Karani

Saa mbili usiku tunashuka korongoni, mimi na Minani,
tochi kichwani, daftari ndani ya mfuko wa sukari.
Kanuni ni moja: simama dakika kumi, usiseme,
kila sauti ipe mstari wake.

Kituo cha kwanza, msituni juu ya Kalinzi,
miti mikubwa, kipimajoto kimeganda kwenye kumi na saba.
Mmoja anagonga kijiko kwenye glasi.
Mmoja anang'oa msumari kwenye ubao mbichi.
Mmoja, Minani humwita karani,
anapiga muhuri, anatulia, anapiga tena.
Kuna anayetaga juu ya jani lililoinamia maji,
watoto wadondoke wenyewe siku ikifika.
Kuna asiyeutaka mto kabisa:
majani yaliyooza, unyevu wa kiganja kimoja,
basi, ana nyumba.
Kumi na moja. Naandika, karatasi imelowa.

Kituo cha pili, kahawa chini ya migomba.
Kivuli kipo, kimechanikachanika.
Tano.
Karani hayupo.

Cha tatu, mashimo ya matofali.
Hapo ndipo kelele! Mamia, wanapayuka
kuliko soko la Jumamosi.
Nasikiliza dakika zote kumi
na wote wanasema neno moja.
Naandika: moja.
"Moja?" Minani ananong'ona, akivunja kanuni.
Moja.

Wahenga walisema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Ukimya wake je? Hawakusema.

Minani anamulika ukingo. Alama za jembe bado zipo.
"Hili nililichimba mimi,
mwaka walipozaliwa Bukuru na Butoyi.
Palikuwa na mkuyu hapa, maji yakipita chini yake polepole.
Matofali elfu sita. Tunalala watu saba ndani yake."
Hajuti, hajigambi;
anasema kama mtu anayesoma mita ya maji.

Nami nimelala kwake wiki mbili,
ukuta mkavu, bati halivuji.

Safu ya karani naijaza sifuri,
na sifuri, nikiimulika, ina umbo la yai.

Tunapanda. Katikati ya njia Minani anasimama,
anagonga ulimi kwenye kaakaa:
muhuri, kimya, muhuri.
Anasubiri.
Kutoka shimoni wanamjibu wale mamia,
neno lao lile lile.